Tundu la Pipa la Kufulia

Mume wangu alilileta kichwani, na kabla hajalitua nikawa nimekwisha muuliza ndani mna nini. Akasema hamna kitu, ni chombo cha kufulia nguo. Yeye alikuwa fundi wa mashua hapa Bagamoyo, na Mzungu mmoja aliyekuwa akihama alimwachia baada ya kutengenezewa mlango. Lilikuwa pipa la mbao lenye miguu, na ubavuni lina mkono wa chuma. Ukiuzungusha, vibao vya ndani vinageuka na kuzipiga nguo.

Nililitaka lile pipa kama nini! Nilikuwa na mtoto mchanga, mawinda yake ya mkojo hayaishi, na sabuni imenipasua vidole hata nikishika chumvi machozi yananitoka. Lakini mavyaa, mamake mume wangu, tuliyekaa naye nyumba moja, hakulipenda. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Mpaka Alhamisi," akasema. "Likishindwa, nalitia jikoni liwe kuni."

Likashindwa siku ile ile lilipokuja. Maji niliyomimina juu yalitokea chini, yakaniloanisha miguu. Mume wangu akacheka, maana kuziba panapovuja ndiyo kazi yake. Alichukua pamba, akaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua, akaishindilia tunduni kwa nyundo. Halikudondosha hata tone. Nikafua kila kitu kwa pamoja, mawinda na kanzu, nikaanika, nikakaa kitako kama bibi harusi.

Paka wa mtaa mzima wakaja kukaa chini ya kamba. Mume wangu alikwenda kusali alasiri na kanzu ile, akarudi amenuna: msikitini watu walimwachia nafasi kulia na kushoto.

"Harufu itaisha, mwanangu," mavyaa akaniambia. "Lakini umetia mawinda ya mkojo katika maji machache, na maji hayo hayo yamezunguka nguo zote. Zote sasa zina najisi. Maji yapite juu ya nguo yaende zake. Hayo yako yamekaa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha. Nikarudia kufua zote kwa mkono, huku nikilia.

Jumatano nililipindua pipa juu chini. Nilitaka tu kujua lilioza wapi. Nikaichokoa pamba kwa msumari, nikatia kidole, na kidole kikateleza. Tundu lilikuwa la mviringo, kingo zake zimepigwa msasa. Mchwa gani huyo mwenye adabu hivi? Nikalala chini nikachungulia. Sakafu ya ndani nayo ilikuwa imeinama kidogo, pande zote, kuelekea pale pale. Aliyelichonga alitaka maji yatoke, nasi tulikuwa tumemtibu mzima. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Nikaliosha pipa kwa maji ya jivu hadi harufu ikaisha, nikachukua gunzi la muhindi, nikaziba. Nikatia mawinda na sabuni, nikazungusha, kisha nikalichomoa gunzi, maji machafu yakaenda zake.

"Mama, njoo unimwagie!"

Mavyaa akaja na kata na mtungi wa maji ya kisimani. Akawa anamwaga juu ya mawinda, mimi nazungusha. Chini yakatoka maji yenye povu, kisha meupe kidogo, kisha safi. Aliinama akayatazama muda mrefu, akamwaga tena.

"Yanaingia, yanapita," akasema.

Alhamisi niliamka na hofu, nikaenda jikoni kwanza. Pipa halikuwepo. Nikalikuta uani, na mavyaa kando yake, ameshika shuka yake nyeupe ya kusalia, ambayo hata binti zake hawakuruhusiwa kuifua. Akaiweka ndani kwa uangalifu. Nikanyosha mkono kuushika ule wa chuma, naye akanishika kiganja, akakigeuza, akaitazama mipasuko.

"Wewe mwaga maji," akasema. "Leo nazungusha mimi."