Wanataka Kulihamisha Kaburi la Mume Wangu, na Yeye Hayumo

Kampala, Jumapili jioni

Dada msimamizi wa ukurasa,

Naomba ufiche jina langu na jina la ufukwe nitakaousimulia. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, Mkenya, naishi Namuwongo na binti yangu mmoja. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika ninavyojua. Alhamisi inakuja na sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Mume wangu alikuwa fundi wa mabati. Miaka kumi na miwili iliyopita alivuka ziwa kwenda kuezeka kanisa kisiwani, na wakati wa kurudi boti ikapinduka. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana. Tulikaa ufukweni tukingoja, mpaka watu waliokuwa wakitafuta wakaanza kuona haya kututazama usoni.

Kwetu, mtu akipotea majini, huzikwa mgomba mahali pake. Hukatwa shina lenye urefu wake, huvishwa nguo zake, huombewa kama mtu. Nilimpigia simu mama mkwe kumwambia tunauleta nyumbani. Akakataa. "Usiniletee mgomba hapa. Mwanangu hajafika. Mlaze hapo kando ya maji, akitoka aone kwake." Basi mimi na shemeji yangu, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, tukamlaza pale mchanga unapokutana na majani, tukaweka msalaba. Nilimvisha shati lake la bluu. Kifungo cha juu sikukifunga, maana hakupenda kubanwa shingo.

Ufukwe huo ndiko alikokuwa akinipeleka Jumapili baada ya kanisa. Hauna ukuta wala kiingilio. Alikuwa akinivua viatu mwenyewe, anavikung'uta kimoja kimoja, kisha anavibeba mkononi. "Huku usitembee na viatu, mama," alikuwa akiniambia, "mchanga utafikiri unaringa."

Binti yetu alikuwa na miaka minne alipompoteza baba yake. Anajua yuko pale. Akifaulu mtihani huenda kumwambia, anachuchumaa na kuongea naye kwa sauti ndogo. Habari ya mgomba sikumwambia. Kwanza alikuwa mdogo, halafu nikawa naogopa kumnyang'anya baba mara ya pili.

Mwaka huu kampuni moja ikauzungushia ufukwe mabati, ikisema inajenga hoteli. Mume wangu angeona misumari ilivyopigiliwa angecheka. Malori yakamwaga udongo mwekundu juu ya mchanga. Watu wakachachamaa: wauza samaki, makanisa yanayobatiza pale, vijana wa mpira, hata wazee ambao hawajawahi kuogelea. Tuliandamana na mabango, tukatawanywa. Kilichosimamisha tingatinga ni kaburi. Nalongo, mama wa mapacha anayekaanga samaki pale, ndiye anayetuongoza. Alisimama mbele ya tingatinga na mwiko wake mkononi.

"Ssebo, bwana, msalaba unauona? Kale, haya, pita. Lakini huyu akikosa pa kulala, atakuja kulala kwako."

Dereva akazima injini, akashuka. Watu wakashangilia na kunikumbatia mmoja baada ya mwingine. Mimi nikainama kuunyoosha msalaba.

Baadaye kijana wa kampuni akaja nyumbani. Ni mpole, alivua viatu mlangoni. "Pole, mama. Tutamhamisha mzee kwa heshima. Jeneza jipya, mchungaji wako mwenyewe, na basi la waombolezaji." Nikawaza, jeneza jipya la nani? Nikamwambia sikubali. Sasa Alhamisi anakuja ofisa wa ardhi. Nitaulizwa mbele ya wote kama mume wangu yumo humo, na nitaapa kwa Biblia. Nikishindwa kuapa, kaburi litafunguliwa.

Nilimweleza Nalongo peke yake. Alicheka, akidhani natania. Kisha akaweka kisu cha samaki chini.

"Mgomba?"

"Mgomba, Nalongo."

"Bambi, maskini. Na nguo zake?"

"Na shati lake."

Akapangusa mikono polepole. "Mimi sijasikia kitu. Na wewe Alhamisi sema mtu yuko. Kwani ni uongo? Miaka yote hii ulikuwa unalilia nani, matooke?"

Tukacheka sote wawili, nikashtukia nalia.

Nikiapa kwamba yumo, nimeapa uongo juu ya Biblia. Na wakichimba hata hivyo, majirani waliopigania ufukwe ule wataitwa waongo wote, kwa sababu yangu. Nikisema kweli, tingatinga litawashwa siku hiyo hiyo, na mtu atasema pale hapana kitu. Dada, hilo ndilo siwezi kulisikia. Najua mume wangu hatatoka majini. Lakini mama yake alisema akitoka aone kwake, na mimi ndiye niliyeachiwa mahali hapo.

Jana binti yangu alikuwa anapiga pasi sare ya shule. Akasema bila kuinua uso, "Mama, Alhamisi nitakuja nisimame karibu nawe. Ukishindwa kuongea, usiogope. Nitaapa mimi kwamba baba yuko."

Nilimwambia aangalie pasi isiunguze kola.

Jamani, nishaurini. Nimwambie mtoto kabla ya Alhamisi, au nimwache na baba yake? Nikishika ile Biblia, niseme nini? Msinitukane, nimechoka.

Na hata kama hamna jibu, siku mkifika kando ya maji ambako bado hakujajengwa ukuta, vueni viatu mtembee kidogo. Mnikumbuke.