Majina ya Malambo ya Mama

Mwaka juzi mimi na mwenzangu wa ofisini Hola, msichana mpimaji ardhi aliyehamia kutoka bara, tulitumwa Garsen na ramani ya zamani, iliyochorwa kabla ya uhuru. Tulitakiwa kuilinganisha na ardhi ya ranchi za huko ilivyo leo. Wachoraji wake walionyesha kila mwinuko, ila malambo mengi ya kunyweshea ng'ombe waliyaacha bila majina.

Nikasema mama yangu atatusaidia, maana amechunga ng'ombe kwenye tambarare ile tangu utotoni. Wazo lilikuwa langu, na hilo bado linaniuma.

Mama alikaa mbele, kando ya mwenzangu aliyekuwa akiendesha. Mimi nikakaa nyuma na madumu ya maji. Mama hapendi kusema Kiswahili. Hata sokoni hunisukuma mimi niseme. Siku ile alikisema kutwa, kikiwa kimevunjika-vunjika, kwa ajili ya yule msichana.

"Hii lambo, ng'ombe ya baba yangu ilizaa mapacha hapa," alisema. "Basi watu iliita Mapacha."

Mwenzangu akasimamisha gari. Wakashuka, wakapenya kwenye vichaka vya mathenge wameshikana mikono. Niliwatazama kupitia kioo. Habari ya mapacha sikuwahi kuisikia. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, na likizo zikifika mama hunipa maziwa na kuniambia nipumzike.

Waliporudi, mama alikuwa akimtoa miiba kwenye mtandio.

"Huyu mtoto haogopi jua," aliniambia kwa Kiorma.

"Hata mimi siogopi, Mama."

Akanitazama kama hakunielewa. Kufika jioni ramani ilikuwa imejaa mwandiko wa mwenzangu, nami koo limenikauka na maji ninayo mapajani.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa mama peke yangu. Nilimkuta akikamua, nikamwomba anisimulie mimi pia.

"Si mwenzako ameandika yote?"

"Nataka kusikia kwako."

"Nimechoka, mwanangu. Muulize yeye." Kisha akaniuliza, "Atakuja lini tena? Nimemwekea samli."

Nilisema sijui, ingawa nilijua. Niliibeba samli ile mpaka Hola nikaiweka mezani kwa mwenzangu. Alifurahi sana, akauliza mama hajambo.

"Hajambo," nikasema, nikafungua kompyuta yangu. Samli ilinukia ofisini mpaka saa ya kufunga.