Mchumba Aliyeitwa Kesho

Mwaka wa 1956, Félicité wa Baraka alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na mtoto huyo alijulikana masoko yote ya Fizi kwa jina lisilo lake. Jina lake ni Henri. Watu walimwita Kesho.

Kila siku ya soko, karani wa kilimo aliwapandisha wachezaji wake wa maigizo juu ya meza, wafundishe watu kulima pamba. Henri ndiye aliyeigiza mvivu. Akiambiwa lima, anakuna tumbo, anatazama jua, anasema, "Kesho." Kisha anatupa jembe na kulala. Soko zima linavunjika mbavu. Félicité naye alicheka, mwanzoni.

Henri akapata mchumba, Constance wa Lubondja. Kama desturi ilivyotaka, akaenda na rafiki zake kumlimia mama mkwe shamba la mihogo. Félicité akafuatana nao, amebeba ndagala, dagaa wa ziwani, za zawadi. Watu walikuwa wamejaa kandokando ya shamba. Kila Henri alipoinua jembe, wakapiga kelele: "Sema basi! Kesho!" Alipofuta jasho, wakaanguka kwa kicheko. Alilima mpaka mwisho wa shamba, na hakuna aliyeona.

Anastasie, mama yake Constance, hakucheka.

"Mama Henri, mutoto wako iko na adabu. Lakini nikimupa binti, batu batasema nimemuoza kwa Kesho. Na batoto yao je? Bakesho badogo? Tungoje kwanza."

Tungoje. Félicité alilijua neno hilo. Ni hapana iliyovaa kitenge.

Haukupita mwezi, karani akamwita Henri. Alimpa kazi ya kudumu: mshahara, nyumba ya matofali, na Kesho achezwe kila juma mpaka Uvira. Siku zile zile padri mmoja wa Bukavu alitafuta watu wa kucheza katika filme, zile picha za sinema. Kazi ya muda mfupi, kisha kila mtu kwake. Henri akachagua filme.

Félicité aliacha kutwanga sombe, majani ya mihogo. "Unakataa nyumba ya matofali sababu ya picha? Baba, nani amekuroga?"

"Mama, filme iko na mwisho. Ninacheza muntu, anaisha, ninamuacha kule. Huyu Kesho hana mwisho. Kila juma ananikula. Nikiingia ile nyumba, yeye ndio atalala na muke yangu, hapana mi."

"Na filme ikiisha, utakula nini?"

"Nitalima."

"We? Kesho?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Henri alimtazama, na Félicité akaona haya hata kuushika mchi tena.

Henri akaenda kwa padri. Kiangazi kilichofuata, filme ikaletwa Baraka, shuka jeupe likatandazwa ukutani mwa misheni. Félicité alimpelekea Anastasie habari, naye akaja, "kuangalia tu." Wakakaa mkeka mmoja. Henri alipotokea, uwanja ukalipuka: "Kesho! Kesho!" Félicité akafumba macho.

Kelele zikapungua. Zikaisha. Alipofumbua macho, mbele yake, kwenye shuka, alikuwapo mvuvi mwenye macho makali, anamficha ndugu yake samaki. Mzee mmoja nyuma yao akatukana, "Mwizi! Roho mbaya!"

"Si ule ndio Kesho wa soko?" mwingine akauliza.

"Acha uongo! Kesho iko muvivu. Huyu anavuta nyavu kama batu batatu."

Félicité hakujua afurahi au alie. Ametoka kwenye uvivu, ameingia kwenye wizi!

Picha zilipokwisha, Henri akaja kuwasalimu, akipiga magoti mbele ya Anastasie. Mzee aliyetukana akamkodolea macho.

"We ndio nani, kijana?"

"Henri, mutoto wa Félicité."

"Na samaki ya ndugu yako?"

"Imebaki kwa shuka, baba."

Watu wakacheka, lakini safari hii walicheka naye. Anastasie alitazama ukuta, akamtazama kijana.

"Kumbe alikuwa anacheza tu."

"Tangu zamani alikuwa anacheza tu, Mama Constance."

Anastasie akasimama, akakaza kitenge. "Juma ijayo bajomba ya binti batakuwa nyumbani. Mutume batu yenu, tuongee mali ya ndoa."

Félicité alitaka kushukuru kwa heshima, kama mama wa bwana arusi anavyopaswa. Badala yake akajinyoosha chali mkekani, mbele ya watu wote, akipumua kama aliyetua mzigo wa kuni.