Siku Mabati Yalipomshika Mama Chebet

Hii nawaambia nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu hata leo nikipita Sosiot kuna watu huniona wakafunika mdomo kwa mkono, na sina nguvu tena ya kujitetea.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha shule ya msingi huko, nimepanga nyumba ya mabati nyuma ya maduka, kwa Mzee Kirui. Niliichukua kwa sababu ilikuwa na stima, na mimi nilikuwa nimechoka kusahihisha vitabu kwa mwanga wa koroboi. Shida ni kwamba ukigusa ukuta na mkono wenye maji, unasikia kama siafu wanakutembea mpaka kwa kiwiko. Nikamwambia Mzee Kirui. Akasema, "Mwalimu, hiyo ni baridi ya hapa kwetu. Vaa sweta." Nikavaa sweta. (Ndiyo, mimi, mwalimu wa sayansi. Chekeni tu.)

Basi Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuwa waje kwangu kwa maombi, na mvua imenyesha tangu asubuhi, na lile tope letu jekundu mnalijua. Nilikuwa nimetoka kupiga deki, mgongo unaniuma, nikaona sitarudia kazi hiyo kwa ajili ya mtu yeyote. Nikasimama mlangoni na patipati zangu za mpira miguuni nikasema, "Mama zangu, tafadhali, viatu tuache nje." Hayo tu.

Wa kwanza alikuwa Mama Chebet, mwenyekiti wetu, mama mkubwa, mpole, na yunifomu yake nyeupe. Akavua viatu, akakanyaga simiti iliyolowa, akashika komeo la chuma la mlango wa bati asiteleze. Halafu akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamemtoka, na mkono hauachi kile chuma.

"Amepandwa na pepo!" mmoja akapiga kelele, na wote wakaanza kukemea, na mimi (Mungu anisamehe) nikainua mikono nikakemea kuwashinda wote, "Toka! Toka ndani yake!" mpaka watu wa soko wakajaa kwa ua, wazazi wa wanafunzi wangu wakiwa mbele. Jirani yangu Mama Wanjiku, mwenye duka la nguo, akakimbia kumshika bega, akarushwa nyuma akaketi ndani ya beseni yangu ya nguo.

"Ngai! Stima imenipiga!"

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikanyakua kigoda cha mbao, nikampiga nacho Mama Chebet mkononi, kwa nguvu zangu zote, mbele ya soko zima. Akaachilia, akaanguka nje kwa tope kama gunia.

Nilidhani nimeua mtu. Nilipiga magoti hapo kwa tope nikimwita, mpaka akafungua macho akanitazama. "Mwalimu," akasema, "umenipiga?"

Mzee Kirui alikuja akakata stima huko kwa hoteli yake, ambako waya yangu ilikuwa imeunganishwa, kwa sababu nyumba yangu haikuwa hata na swichi kubwa ya kuzima. Wanaume wakapanda juu ya paa. Waya ilikuwa vipande vipande, imeungwa na karatasi ya nailoni na plasta ya vidonda, imepitishwa kwa tundu la msumari, na ukingo wa bati ulikuwa umekula ngozi yake yote. Mzee Kirui alikuwa ameifunga yeye mwenyewe. "Lakini si imekuwa ikiwaka vizuri?" akauliza.

Jumapili iliyofuata Mama Chebet, kiganja kimefungwa bandeji, aliketi kando yangu kanisani. "Kigoda nimesamehe," akaniambia polepole. "Lakini pepo, Mwalimu? Mimi?"

Nilihama kabla ya mwezi kuisha. Siku hizi nikienda kuona nyumba, kabla ya kuuliza maji yako wapi, nauliza fundi wa stima alikuwa nani. Mwenye nyumba akianza kucheka, namshukuru, nachukua mkoba wangu, naenda.