Fisi Niliowafukuza Isinya

Jumamosi niliwapeleka watoto wangu Isinya wakaone nilikokulia. Kwa miaka mingi, tukiwa kwetu Kitengela, nimewaambia jinsi nilivyokuwa nikifukuza fisi kwa rungu. Jirani yetu wa zamani, sasa bibi mzee, shosho kwa watoto, akatoka kutupokea. Watoto wakainamisha vichwa kama nilivyowafunza, naye akawagusa utosini kuwasalimia.

Binti yangu hakungoja. “Shosho, ni kweli Baba alikuwa anafukuza fisi?”

Alicheka mpaka akashikilia geti. “Huyu? Nilikuwa namshika mkono ndio aweze kumpita jogoo wangu!” Kisha akaninyooshea mkono. “Na wewe, leta kichwa.”

Nikainamisha kipara changu mbele ya wanangu.

Tukiondoka, kuku alikatiza njia. Kitindamimba wangu akanishika mkono. “Usiogope, Baba. Niko hapa.”