Nywele za Kupandikiza

Mama alipopofuka, na kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka, alibaki kututambua wanawe kwa kutupapasa kichwa. Kila Jumapili nilitoka kwangu Ruiru kwenda kumwona Thika, kwa kaka yangu. Nilipiga magoti, yeye akaingiza vidole kwenye wigi langu, kisha akauvuta mkono.

"Huyu si wangu," alimwambia kaka. "Mwambie aende kwao."

Chini ya wigi hakukuwa na cha kupapasa. Miaka ya kusukwa kwa kukazwa pale Githurai ilikuwa imemaliza nywele zote za mbele, sikio hadi sikio. Kipara kikimpata mwanamume, watu hudhani ana pesa. Mimi walikwepa kichwa, wakanitazama viatu.

Nikaenda kwa daktari wa kupandikiza nywele. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja Mhindi, nywele zimenyooka, na yeye hakukawia: zingetolewa kisogoni moja moja, zipandwe mbele. Nilimwonea wivu. Zangu daktari aling'oa chache, akazimulika.

"Zako zimejikunja hata ndani ya ngozi, madam," akasema. "Nikizitoa moja moja naweza kata mizizi, na hiyo ikienda imeenda. Njia ile ingine ni tukate kipande cha ngozi huko nyuma, tushone, alafu tutoe mizizi ikiwa mizima."

"Basi kata."

Akagusa sikio langu, kovu la hereni lililovimba tangu nitobolewe nikiwa msichana. "Na kisogo ikifura hivi?"

Alishauri ajaribu nywele chache nyuma ya sikio lile lingine, tungoje miezi tuone kama zitashika. Hata zikishika, za mbele zingechukua karibu mwaka kuonekana. Nilimkasirikia sana. Si yeye aliyekuwa akimpoteza mama yake angali hai.

Nilikubali jaribio. Jumapili iliyofuata kidonda kilikataa wigi, nikaenda na leso tu kichwani, na nilipopiga magoti nikaifungua. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Vidole vya Mama vilipita pale penye upara, vikarudi, vikapita tena polepole. Uso wake ukalegea.

"Mama," akasema, "umeshatua kuni?"

Kaka alinitazama. Nyanya yetu, mama yake Mama, ambaye mimi ndiye niliyepewa jina lake, alibeba kuni mgongoni maisha yake yote, mkanda wa mzigo ukipita juu ya kichwa, mpaka ukamnyoa mstari usioota tena. Mama alikuwa akituhadithia jinsi alivyompaka mafuta hapo kila jioni.

Nilitaka anitambue mimi. Iliniuma, siwezi kudanganya. Lakini mkono wake haukuondoka.

"Nimetua," nikamjibu, nikamwomba kaka alete mafuta.