Springi Zangu za Zambarau

Cha rahisi ni ghali, walisema wahenga. Hawakumjua shemeji yangu. Mimi nilinunua ghali, nikafungiwa rahisi.

Ilianza na pancha. Nilikuwa namtoa mama kliniki, nyonga inamsumbua. Nikamshusha, nikamkalisha kwenye benchi.

Fundi wa tairi akanyanyua kagari kangu kwa jeki. Kabla hajagusa nati hata moja, springi ya nyuma ikadondoka yenyewe na kubiringika hadi mtaroni.

Akaiokota, akaigeuza.

"Dada, hii imekatwa kwa grainda."

Nikacheka. Zangu zikatwe na nani? Nilipotaka kulishusha gari, likae chini kimtindo, nilizichagua mwenyewe dukani. Nilikataa seti ya bei poa, nikachukua ya maana: springi fupi na shokapu fupi zilizotengenezwa pamoja, ili hata gari likinyanyuliwa, springi ibaki imebanwa mahali pake. Rangi yake zambarau.

Nikaishika. Zambarau ikabaki kidoleni.

Chini ya rangi kulikuwa na kutu. Ilikuwa springi yangu kuukuu, imekatwa, imerembwa.

Aliyenifungia ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Nilipolalamika kwamba kila tuta linamfanya mama aume meno, alinijibu huku anachokonoa meno kwa njiti:

"Ukitaka uzuri sharti udhurike, shemeji."

Nikampakia mama kwenye teksi. Mimi nikaenda gereji kwa shemeji kwa miguu, springi mkononi.

Gari lake lilikuwa getini, limelala chini kama paka anayewinda. Ndilo tangazo lake. Wateja wamelizunguka, yeye anawamwagia sera kuhusu kushusha gari kitaalamu.

Nikavuta jeki yake. Akawaambia wateja wasijali, shemeji yake ana utani.

Nikanyanyua gari lake. Tairi likaning'inia, springi haikutikisika. Zambarau. Ncha zake bapa, safi, hazijui grainda. Kando yake, shokapu yangu fupi.

Nikamtupia ile ya kutu miguuni.

"Chukua yako. Zangu fungua."

Akashusha sauti. "Haya ni mambo ya familia. Tuongelee ndani."

"Niliyembeba kwenye hiyo takataka ni mama mkwe wako. Yeye familia ya nani? Fungua."

Akafungua, zote, jasho linamtiririka. Mteja mmoja akachukua ufunguo wake mezani, akaondoka bila kuaga.

Jioni dada akaja kwa mama, amewaka. Nimemdhalilisha mumewe, gereji itakufa, watoto watakula nini, kwa nini sikumwita pembeni. Nikamwacha aseme. Kwa hasira neno likamponyoka:

"Na nilimwambia apake rangi mara mbili."

Akajiziba mdomo, lakini limeshatoka.

Yaani dada yangu alijua. Alijua, na kila wiki alimfungulia mama mlango wa gari langu na kumtakia safari njema.

Sasa ameapa: wajukuu hawakanyagi kwa mama mpaka nimpigie mumewe magoti. Ukoo mzima unanisihi niombe radhi, yaishe. Mama kanena mara moja tu: "Aliyekaa juu ya springi ile ni mimi."

Wewe unayesoma, ukimpelekea fundi vipuri vipya, dai vile vya zamani mkononi kabla hujawasha gari. Hata akiwa shemeji. Hasa akiwa shemeji.

Wajukuu wakija, mlango uko wazi.

Msamaha siombi.